Kitabu Cheupe cha Platuni ya Madaraja

4 Februari

Mama, shikamoo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu una jibu moja tu: "Mimi mzima, wewe je?" Kwenye karatasi itabidi ufikiri kidogo kabla ya kunidanganya.

Fomu ya kudai mafao ya ulemavu nimeshaijaza na kuipeleka. Miaka ya utumishi: kumi na minane. Kikosi: platuni ya wanawake, ujenzi wa madaraja. Cheo cha mwisho: sajini. Ugonjwa: kusagika kwa magoti yote mawili na nyonga, kutokana na kubeba fremu za chuma. Nilipoandika neno "ulemavu" karibu na jina lako mkono ulisita. Najua wako ungekataa kabisa.

Desemba nilikuona ukishuka zile ngazi tatu za jikoni kinyumenyume, viganja vyote viwili ukutani. Nikauliza unafanya nini. Ukasema unakagua rangi. Rangi ile ina miaka kumi na moja, Mama, na sijawahi kuona mtu akiikagua kwa kisogo.

Siku ile nilipokupeleka kliniki, ulipokuwa unatafuta viatu vyako, daktari aliniita pembeni. Alisema bila upasuaji una miaka miwili ya kutembea, pengine pungufu. Dai likikubaliwa, hospitali ya jeshi itakufanyia magoti yote mawili. Likikataliwa, mshahara wa mwalimu haufiki huko, hata nikifundisha fizikia shule mbili.

Tarehe ishirini daktari wa ofisi ya mafao atakupima. Ombi langu ni moja tu. Muonyeshe. Akikuuliza panauma wapi, mwambie. Usijikaze.

Binti yako


22 Februari

Mwanangu, marahaba.

Taarifa ya tarehe ishirini ni hii: nimefaulu.

Nilifika saa tatu kamili, gauni limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Daktari ni kijana, umri wako au pungufu, lakini begani ana nyota tatu. Sasa wewe niambie, kapteni akisema "simama pale", mtu anasimamaje? Nilipiga mguu sawa mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Akasema, "Mama, si lazima hivyo." Nikamwambia, "Afande, ndivyo ninavyosimama."

Akaniambia nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Nikatembea. Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa. "Inuka." Nikainuka, bila kushika meza. Akauliza panauma wapi, nikasema pa kawaida, umri. Akatikisa kichwa akasema, "Hongera sana mama, vijana wangu hawakufikii." Na akaiandika, nilimwona.

Baada ya hapo nilikaa kidogo kwenye benchi la nje nikiangalia watu wanavyopita, kisha nikarudi nyumbani. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Wamenipenda.

Mimi mzima. Wewe je?

Mama yako


15 Machi

OFISI YA MAFAO YA ASKARI WASTAAFU

Kwa Sajini mstaafu,

Dai lako la mafao ya ulemavu wa viungo limechunguzwa na halikukubaliwa, kwa sababu mbili.

Kwanza, uchunguzi wa tarehe 20 Februari umeonyesha kwamba unatembea, unachuchumaa na kuinuka bila msaada, na ulipoulizwa hukutaja maumivu yasiyo ya kawaida kwa umri wako.

Pili, kitabu cha wagonjwa cha platuni yako, kwa miaka yote uliyotumikia, hakina taarifa hata moja ya kuumia kwako wala kwa askari mwingine yeyote wa platuni hiyo.

Una haki ya kukata rufaa ndani ya siku tisini. Rufaa iambatane na maelezo ya maandishi ya waliotumikia pamoja nawe.

Karani Mkuu wa Madai


19 Machi

Mama, shikamoo.

Nakala ya barua yao imenifikia. Nimeisoma mara nne, mara mbili nikiwa na hasira juu yao na mara mbili nikiwa na hasira juu yako.

Ule ulikuwa mtihani wa kufeli! Mtu mmoja tu katika nchi nzima angekwenda kuomba mafao ya ulemavu na kurudi na hongera ya afya njema, na mtu huyo ndiye aliyenizaa.

Na benchi lile. Jirani yako wa mlango wa pili ameniambia. Ulikaa kidogo kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kwa sababu hukuweza kunyanyuka. Mwanamke anayefagia pale ndiye aliyekushika kwapa mpaka barabarani, na ukamwambia umeshikwa na usingizi.

Sitaki kukugombeza. Ukweli ni kwamba nilipofika pale kwenye "vijana wangu hawakufikii" nilicheka, na kifua kikanijaa majivuno, na ndipo nikaogopa. Nilijiona nami ningefanya vilevile.

Lakini sababu ya pili siielewi. Miaka kumi na minane, askari thelathini, chuma, matope, mito, na hakuna hata mtu mmoja aliyeteguka kidole? Hicho si kitabu cha wagonjwa, hicho ni kitabu cha malaika. Nani alikuwa anakiandika?

Nijibu hilo tu.

Binti yako


30 Machi

Mwanangu,

Jirani ana mdomo kama mlango wa soko. Nimemsikia, nimemsamehe.

Umeuliza kitabu. Kwanza elewa kazi. Daraja letu lilikuwa la fremu za chuma zinazounganishwa kwa pini. Fremu moja inabebwa na watu sita, watatu huku, watatu kule, juu ya mabega. Mmoja anapiga sauti: "Inua! Bega! Twende!" Mkiwa sita mnakwenda. Mkiwa watano hamwendi, na wa sita hawezi kuwa yeyote tu, maana mabega yamezoeana na hatua zimezoeana. Mmoja akienda kwa daktari, watano wanakaa chini. Na wakikaa, inaletwa platuni ya wanaume kumalizia daraja lako huku wanapiga mluzi. Walitupigia mluzi mwaka wa kwanza. Baada ya hapo tukakubaliana wenyewe kwamba hakuna atakayeandika jina lake. Hatukuamriwa. Tulikubaliana.

Kila mwaka kombania ilitoa ngao kwa platuni yenye kitabu safi. Tuliichukua miaka saba mfululizo. Wanaume waliacha mluzi, wakaanza kutupigia saluti. Hujui jambo hilo lina maana gani mpaka uwe mwanamke mwenye matope mpaka masikioni.

Tulijenga madaraja arobaini na moja. Watu wanapita juu yake mpaka leo na hawajui ni sisi.

Kitabu kilikaa mezani kwangu. Hapo nimekujibu.

Najua utaniletea ile methali ya mficha maradhi. Usiilete. Na usimwandikie Chiriku, yule askari wangu ambaye sasa ni fundi cherehani. Tuliachana naye vizuri, hakuna haja ya kumsumbua.

Mama yako


12 Aprili

Binti wa Sajini,

Barua yako nimeipokea nikiwa kwenye cherehani, nikaisoma kwa sauti, wateja wangu wawili wakasikiliza bure. Usijali, wote viziwi wa mambo ya watu, kama mimi.

Ndiyo mimi Chiriku. Jina hili alinipa mama yako siku ya kwanza ya mafunzo kwa sababu sikunyamaza tangu getini. Na sisi tulimwita Mlingoti, yeye hajui, au anajua na anajifanya. Alituzidi wote urefu kwa kichwa. Tulikuwa tunatania kwamba bendera ikipotea tutampandisha yeye.

Ati ameandika tuliachana vizuri? Haya. Nitakusimulia tulivyoachana vizuri.

Mwaka wangu wa tisa, asubuhi ya mvua, tunavusha fremu mtoni. Mtu wa mbele aliteleza, chuma kikaegemea upande wangu, goti langu la kushoto likalia kama kuni kavu. Nilichechemea mpaka mezani kwa mama yako, nikasema, "Sajini, leo naandika jina." Kitabu kiko wazi mbele yake, cheupe. Ilikuwa imebaki wiki moja ya ngao ya saba. Akakifunga polepole, akasema, "Chiriku, kalamu haina wino." Kalamu iko mkononi mwake, imemchafua kidole! Nikapiga saluti, nikaondoka.

Nami nimedai mafao mara mbili. Mara mbili wamenijibu kwamba siku ile hakuna aliyeumia. Nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, mwaka wa kumi na tano sasa.

Lakini nisikupe nusu ya habari, nitakuwa mchonganishi. Kesho yake, kwenye nafasi yangu chini ya fremu, alisimama yeye. Sajini habebi, sajini anapiga sauti. Alibeba wiki tatu mpaka niliporudi, na tangu siku ile hakutoka tena chini ya chuma mpaka alipostaafu. Hakuniambia pole. Ndiyo ilikuwa pole yake. Ndiye aliyenifundisha kusimama yule, na ndiye aliyeninyima pa kukaa.

Unataka nimtolee ushahidi. Nitautoa, na wenzangu nitawakusanya, tuko tisa tunaofikika. Ila na yeye autoe wetu. Aandike kwa mkono wake alichokifanya na kile kitabu. Mwambie mficha uchi hazai. Mwambie Chiriku amesema hivyo, na kwamba bado anaringa kwamba alikuwa chini yake.

Chiriku, fundi cherehani


16 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimevunja amri. Nilimwandikia, amejibu, na barua yake nimeiambatanisha. Isome ukiwa umekaa.

Kisha nimefanya kitu kingine ninachokiweza. Nimechukua vipimo vya fremu na nimepiga hesabu. Chuma hakipindi. Kikibebwa na mabega sita, bega lililo juu ndilo linalokutana nacho kwanza. Kilo mia mbili na sabini zikigawanywa sawa kwa sita ni arobaini na tano. Lakini hazikuwa zinagawanyika sawa, kwa sababu mmoja wa sita alikuwa wewe. Ulikuwa unabeba karibu mara mbili ya wenzako, kila fremu, kuanzia siku ile ya Chiriku. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha nne swali hili bila kuwaambia mbebaji ni nani. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu mrefu kwa nini hakukunja magoti kidogo ili mzigo ushuke?" Niliwaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Nimeuliza kuhusu hatari. Karani aliniambia wazi: askari akikiri kwamba aliacha kuandika kumbukumbu za jeshi kwa makusudi, bodi inaweza kusema si mtu wa kuaminika na kulitupa dai lake lote. Ukiandika, wenzako huenda wakapona na wewe ukakosa magoti. Usipoandika, hakuna atakayepata kitu. Nimeligeuza kila upande, na mlango wa tatu sijauona.

Nami nina la kukiri. Mwezi wa kumi nilipokwambia mitihani imenibana, nilikuwa nimelazwa siku nne, homa ya mapafu. Nilikuandikia kutoka kitandani kwamba mimi mzima. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nimekuona tu.

Sikuombi uone aibu. Nakuomba uandike.

Binti yako


2 Mei

Mwanangu,

Ya homa ya mapafu tutayazungumza ana kwa ana, wewe umesimama na mimi nimekaa.

Nakala ya nilichopeleka ni hii. Usisahihishe chochote.

Mama yako

*

Kwa Bodi ya Rufaa,

Mimi ni sajini mstaafu wa platuni ya madaraja. Nilitunza kitabu cha wagonjwa kwa miaka kumi na miwili. Kitabu hicho kimetumika kulikataa dai langu na madai ya wenzangu. Natoa maelezo kuhusu kitabu.

Sikuandika uongo ndani yake hata mstari mmoja. Niliacha ukweli nje, na sasa naona matokeo yake hayana tofauti. Walikuja mezani kwangu kuandika majina, nikawarudisha. Huyu tuliyemwita Chiriku, goti la kushoto. Kibiriti, bega, mara mbili. Mama Pacha, mgongo, akiwa ametoka uzazi miezi mitano. Mshale, vidole vitatu vilivyobanwa na pini. Wengine wanne nimewaorodhesha nyuma, pamoja na mito tuliyokuwa tunavuka, maana tarehe nimesahau lakini mito sijaisahau. Wengi zaidi hawakuja kabisa kwa sababu waliona waliotangulia wanavyorudi.

Tulikubaliana pamoja, lakini wao walipobadili nia mimi sikubadili. Nilikuwa na cheo, wao walikuwa na maumivu. Nilitaka ngao. Niliipata. Sitasema kwamba sikuifurahia.

Kuhusu mimi mwenyewe: tarehe 20 Februari nilimdanganya daktari wenu. Niliweza kuchuchumaa kwa sababu aliniamuru. Sikuweza kuamka kitandani siku tatu zilizofuata. Goti la kulia haliendi tena mpaka mwisho. Nashuka ngazi kinyumenyume. Nalala nimekaa.

Najua kwamba maelezo haya yanaweza kuliua dai langu. Yapokeeni hivyo hivyo. Madaraja yale arobaini na moja yamesimama. Walioyabeba wapewe haki ya kusema kwamba yalikuwa mazito.

Sajini mstaafu


25 Juni

Binti wa Sajini,

Mama yako atakwandikia kwamba kikao kilikwenda vizuri, nukta. Kwa hiyo mimi ndiye nitakayekupa habari.

Tulikuwa tisa kwenye korido ya Bodi ya Rufaa, fimbo sita kati yetu. Kibiriti kaja na wajukuu wawili wa kumshikilia. Mlinzi akauliza, "Nyinyi wamama mmekuja kwenye kliniki?" Mama Pacha akamjibu, "Sisi ndio daraja ulilopitia kuja kazini, mwanangu." Kijana akatufungulia milango yote miwili.

Mama yako alifika wa mwisho. Alikuja na fimbo, na fimbo ilimkaa vibaya kama kofia ya kuazima. Sikuwa nimemwona miaka kumi na tano. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, kuanzia nyumbani nayakariri. Akasimama mbele yangu, akasema, "Chiriku, kalamu ilikuwa na wino." Nikasema, "Najua, Sajini, ulijichafua kidole." Hayo tu. Maneno yangu mengine yote yakapotea, na unajua mimi si mtu wa kupotewa na maneno.

Ndani, mwenyekiti wa bodi akamsomea maelezo yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mama yako amesimama. Akamuuliza, "Unajua kwamba maneno haya yanaweza kukukosesha?"

"Najua, afande. Niliyaandika mimi."

"Kuna mtu alikushawishi?"

"Binti yangu aliniomba. Kushawishiwa, sishawishiki."

Kisha mwenyekiti akaanza kupekua karatasi. Dakika moja, mbili. Niliona mama yako anaihamisha fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Moyoni nikasema, huyu ataanguka kabla ya kusema. Ndipo nikamsikia, sauti ileile ya kuamrisha fremu: "Naomba kiti."

Mwanangu, miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiomba hata maji. Karani alikimbia. Na sisi tisa, wallahi hatukupanga, tulisimama wote, na fimbo zetu na magoti yetu mabovu, tukabaki wima mpaka alipokaa sawasawa. Mwenyekiti akavua miwani.

Wameamua kwamba kitabu kile hakitatumika tena kama ushahidi dhidi ya mtu yeyote wa platuni yetu. Madai yetu yote yanafunguliwa upya. La mama yako hawakulitupa. Watampima tena, daktari mwingine, raia, asiye na nyota.

Nimemaliza gauni la mteja likiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa sababu ya kukuandikia. Nitamwambia ni mtindo mpya.

Chiriku


20 Julai

Mwanangu,

Kikao kilikwenda vizuri. Najua umeshasimuliwa.

Nilipimwa tena tarehe tisa. Daktari ni mwanamke, amevaa ndala, hana haraka. Aliniuliza panauma wapi nikamwambia. Kisha akauliza panauma vipi. Swali hilo sikulitegemea. Nilimweleza ya asubuhi, ya kukaa, ya baridi, ya ngazi, na goti la kulia linavyotofautiana na la kushoto. Nilipotazama saa, saa nzima ilikuwa imepita. Maumivu yana maelezo marefu kuliko nilivyodhani. Aliponiambia nichuchumae nilimwambia siwezi, na aliandika hilo kwa mwandiko uleule wa kawaida, wala dari haikuanguka.

Uamuzi umetoka jana. Magoti yote mawili wameyakubali, chanzo chake ni utumishi. Nyonga wamezikataa, wanasema hazijathibitika. Nitakata rufaa ya nyonga mwenyewe, fomu nimeshaichukua, na kwa ile sehemu ya kueleza siku zako mbaya zikoje nimeomba karatasi ya ziada. Chiriku wamemkubali goti lake. Alinipigia simu kunijulisha akaongea mpaka chaji ikaisha, yake, kisha yangu. Mama Pacha na Mshale wanaitwa mwezi ujao. Nitakwenda nao. Mimi ndiye ninayejua mito.

Hospitali ya jeshi imenipa tarehe tatu Septemba, goti la kulia kwanza. Kuna fomu ya kujaza kabla ya kulazwa. Wanataka jina la mtu atakayenivisha, kuniogesha na kunishika nikitembea kwa wiki sita. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Nimeandika lako bila kukuuliza. Kama hukubaliani, una siku tisini.

Pembeni yake nimeandika: binti yangu, mwalimu wa fizikia. Karani akasema, "Mama, hapo ni jina tu, kazi yake haihitajiki."

Nikamwambia aiache.

Mama yako